Hoja Yako Iingie Kwenye Muhtasari: Mwongozo wa Uongozi kwa Mwanamke Kazini

Mwanamke anayeambiwa ofisini kwamba hajiamini, mara nyingi kuliko waajiri wanavyodhani, ndiye mwenyekiti wa kikoba mtaani kwake. Jumamosi jioni anafungua kikao kwa saa iliyopangwa, anamtoza faini aliyechelewa hata kama ni wifi yake, anasimamia uhesabuji wa hisa mbele ya wote, na sanduku lenye kufuli tatu halifunguliwi mpaka washika funguo watatu wawepo. Mkopaji akianza kuzungusha maneno, anamkatiza kwa adabu na kumtaka ataje tarehe ya kurejesha. Jumatatu saa tatu asubuhi mwanamke huyohuyo yuko kwenye kikao cha idara, amekaa kiti cha karibu na mlango, na akipewa nafasi anaanza kwa kusema, "Samahani, mimi nilikuwa na wazo dogo tu."

Nimefanya kazi ya rasilimali watu jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kwa jinsi nilivyowaona wanawake wa namna hiyo kila ofisi niliyopita, siamini tena kwamba tatizo lao ni woga. Kwenye kikoba mwenyekiti ana vitu vitatu: anaijua katiba ya kikundi kifungu kwa kifungu, cheo chake kimeandikwa na kila mwanachama anakitambua, na kazi yenyewe ameifanya mara nyingi hadi imekuwa mazoea. Ofisini vitu hivyo havipo, au vipo lakini hakuna aliyemkabidhi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuvipata. Semina za kujisifu mbele ya kioo nimezihudhuria mbili. Chakula kilikuwa kizuri.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanachama wanawake jijini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya hapo alijulikana kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, hakuanza kwa kuwafundisha wanawake ujasiri. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, watu ambao tayari walijua kuitisha mkutano, kukusanya michango na kusuluhisha ugomvi, na wanachama wao wakawafuata. Uongozi ulikuwepo, uliletewa kazi nyingine.

Kabla ya kikao

Omba ajenda angalau siku moja kabla, kisha chagua jambo moja utakalolisemea. Moja linatosha, kwa sababu anayechangia kila ajenda husahaulika kwa urahisi kama asiyechangia kabisa. Hoja yako iandike kwa sentensi tatu: hali ilivyo, takwimu inayoithibitisha, na kitu unachoomba kikao kiamue. Badala ya kulalamika kwamba malipo ya wazabuni yanachelewa, mtu aliyejiandaa atasema: "Mwezi uliopita ankara 14 zilikaa zaidi ya siku 30, na 9 kati yake zilikwama kwenye saini ya pili. Naomba tuamue nani atasaini Meneja anapokuwa safarini." Hoja yenye takwimu na ombi haiwezi kupokelewa kwa "tutaliangalia" peke yake, mwenyekiti analazimika kujibu ndiyo, hapana, au lini.

Hatua inayofuata wanawake wengi huiruka, nami siwalaumu, kwa kuwa hakuna anayewaambia. Hoja nyingi huingia kikaoni zikiwa zimekwisha kupikwa. Zimezungumzwa kwenye chai ya saa nne, kwenye maegesho ya magari, au jioni mahali ambapo mwanamke anayewahi kumchukua mtoto shuleni hayupo. Huhitaji kwenda huko jioni. Chagua mtu mmoja mwenye uzito katika jambo hilo, kwa mfano mkuu wa fedha, umpitie ofisini kwake kwa dakika tano na kumwambia unachokusudia kusema na kwa nini. Ukimkuta ana pingamizi, umelijua mapema. Ukimkuta anakubali, umepata mtu wa kukuunga mkono kabla hujafungua kinywa.

Ukifika, kaa mahali ambapo mwenyekiti anakuona bila kugeuza shingo, na useme chochote chenye maana ndani ya robo saa ya kwanza, hata kama ni swali kuhusu ajenda. Ukimya wa dakika arobaini hujijenga kama ukuta, na kadiri unavyorefuka ndivyo sentensi ya kwanza inavyokuwa nzito kuitoa.

Ndani ya kikao

Kiswahili ni lugha ya adabu na sitamshauri mtu yeyote aiache adabu hiyo mlangoni. Ila kuna adabu inayokiheshimu kikao, na kuna maneno yanayoipunguzia hoja thamani kabla haijasikika. "Mwenyekiti, naomba kuchangia" ni la kundi la kwanza. "Samahani kama nitakosea", "sijui kama ni sahihi", "ni kawazo kadogo tu" ni ya kundi la pili, na msikilizaji huyachukua kama yalivyo: umemwambia wazo ni dogo, naye ataliweka panapowekwa vitu vidogo. Kwa wiki moja hesabu mara ngapi unaomba radhi pasipo kosa. Waliowahi kunipa hesabu zao walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Ukikatizwa, maneno ya kujibu ni matatu: "Mwenyekiti, naomba nimalizie." Unayaelekeza kwa mwenyekiti, humgeukii aliyekukatiza, na unaendelea na sentensi yako palepale ilipoishia bila kungoja ruhusa. Sauti haipandi. Yafanyie mazoezi nyumbani mpaka yatoke bila kufikiri, maana siku utakayoyahitaji hutakuwa na muda wa kuyatafuta. Mnapokuwa wanawake wawili au watatu kikaoni, kubalianeni jambo moja tu: mwenzenu akikatizwa, mmoja wenu atasema, "Narudi kwenye hoja ya Bi. fulani, hakuimaliza."

Kwa anayetaka kuona jinsi kauli fupi inavyofanya kazi, airejelee hotuba ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 22 Machi 2021, siku tatu baada ya kuapishwa, wakati wa kumuaga mtangulizi wake, hayati John Magufuli. Waliokuwa na shaka kama mwanamke ataweza kazi hiyo aliwaambia kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, akalirudia, na akaongeza kwamba ana maumbile ya mwanamke. Siasa kila mtu ana zake, lakini kwa upande wa ufundi wa kusema, tazama alichokiacha: hakuorodhesha vyeti, hakueleza alivyofika pale, wala hakuwaomba wamwamini.

Sasa nije kwenye muhtasari wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi nisiyoitaja, mhasibu mmoja alipendekeza kwamba masurufu ya safari, yaani fedha ambazo mtumishi hupewa kabla ya kusafiri, yarejeshwe ndani ya siku saba baada ya mtumishi kurudi, na kwamba asiyerejesha asipewe mengine. Kikao kikanyamaza. Baada ya kama dakika kumi, mwenzake wa manunuzi alisema jambo lilelile kwa sauti nzito zaidi, na mwenyekiti akalipokea kwa furaha. Muhtasari ulipotoka, pendekezo lilibeba jina la yule bwana. Dada yule alikuja kwangu macho yakiwa mekundu, akitaka aende moja kwa moja kwa mkurugenzi. Nilimwomba asubiri kikao kijacho, kwa sababu kila kikao kina ajenda ambayo watu huipita wakiwa bado wanamimina chai: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.

Ilipofika, alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, ukurasa wa pili, aya ya nne. Pendekezo la masurufu kurejeshwa ndani ya siku saba niliwasilisha mimi, na ndugu yangu wa manunuzi aliliunga mkono. Naomba muhtasari usahihishwe kabla haujathibitishwa." Katibu alifungua daftari lake akakuta ni kweli. Yule bwana naye, aliyekwisha kutajwa kwa heshima kama mtu aliyeunga mkono, hakuwa na la kupinga. Walipofika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, mwenyekiti alimgeukia mhasibu kumuuliza utekelezaji umefikia wapi, na tangu siku hiyo jambo la masurufu likawa lake. Malalamiko kwa mkurugenzi yangemfanya mtu wa kubembelezwa. Marekebisho ya muhtasari yalimfanya mtu wa kuulizwa.

Kuhusu nani aandike muhtasari, mwanamke akiwa mmoja kwenye meza ya watu wanane, kalamu humtafuta. Wapo wanaoshauri akatae katakata. Mimi, kwa mtu aliye katika mwaka wake wa kwanza, siafiki, kwa kuwa anayeandika muhtasari hujifunza haraka kuliko wote namna uamuzi unavyofikiwa, nani huahidi bila kutekeleza, na neno gani huamua jambo. Baada ya mwaka huo, pendekeza kazi hiyo iwe ya zamu na uje na orodha ya zamu iliyokwisha kuchapwa, jina lako likiwa la mwisho. Chai ni suala jepesi zaidi: ina mhudumu wake, na asipokuwepo kila mtu ana mikono.

Shikamoo na maagizo

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi za ughaibuni hutuacha njiani. Mwanamke wa miaka 33 anateuliwa kuwa mkuu wa kitengo cha usafiri, na madereva wake wawili ni wa umri wa baba yake. Je, amwamkie shikamoo mtu ambaye baada ya dakika mbili atampa agizo? Nimeona majibu mawili mabaya. Wa kwanza aliacha shikamoo kwa kuhofia kushusha cheo, akawa anapita na "habari za asubuhi" kama mgeni. Wazee hawakusema neno, lakini kila Ijumaa mchana gari moja likawa na ugonjwa usioonekana, na safari zikaahirishwa. Wa pili aliamkia vizuri, kisha akashindwa kutoka kwenye nafasi ya mtoto, na maagizo yake yakawa maombi: "Baba, kama utapata nafasi, labda kesho, kama si usumbufu."

Shikamoo inahusu umri. Agizo linahusu kazi. Vinaweza kukaa ndani ya mazungumzo mamoja bila kugombana:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo. Gari la Morogoro linaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kitabu cha safari nimekwisha kukisaini, kiko kwa mlinzi."

Angalia kwamba baada ya salamu hakuna "naomba kama inawezekana". Kuna saa, kuna mahali, na kuna ushahidi kwamba mkuu ametimiza sehemu yake. Mzee akikuita binti yangu, mwache akuite, mradi gari liondoke. Siku akitumia neno hilo kukwepa agizo, kwa mfano kwa kusema "binti yangu, mambo ya magari haya wewe huyajui", usibishane kuhusu umri wala jinsia. Uliza swali la kiufundi lililo wazi, umpe muda wa kulijibu kwa maandishi, na ulifuatilie muda huo ukifika.

Kukosoa nako kuna namna yake. Mtu mzima akikosolewa mbele ya vijana amevunjiwa heshima, na hatakusamehe hata kama ulikuwa na haki. Mwite faragha, mwambie kosa kwa tarehe na tukio, msikilize, kisha siku hiyohiyo mwandikie ujumbe mfupi unaotaja mlichokubaliana. Faragha inalinda heshima yake na maandishi yanalinda yako.

Jina "Mama" lina mitego yake pia. Ni heshima kubwa kuitwa hivyo, lakini baadhi ya wanaokuita hutarajia huruma ya mama: kuchelewa kusamehewe, taarifa isiyokamilika ipokelewe, ruhusa itolewe korido. Usiwe mkali kupita wanaume ili kuthibitisha kitu, maana hilo nalo huchosha na watu hulitambua upesi. Rudi kwenye kanuni. Ruhusa ya dharura ina fomu yake; mpe fomu, mpe pole ya mgonjwa, na jioni mpigie simu kumuuliza hali ya mtoto.

Mamlaka ya maandishi

Wanawake wengi hukaimu vyeo kwa mdomo. "Kaa hapo kidogo mpaka tupate mtu," na kidogo hicho kinafika miaka miwili, mtu akipatikana ni wa kutoka nje ya ofisi, na aliyekaa hana hata karatasi inayoonyesha kwamba alikuwepo. Ukiombwa kukaimu, kubali, kisha omba barua ya kukaimu yenye tarehe ya kuanza, mipaka ya madaraka yako na posho kama ipo katika kanuni za mwajiri. Barua isipotoka ndani ya wiki, andika wewe: "Kwa mujibu wa maelekezo yako ya tarehe fulani, nimeanza kukaimu nafasi ya…" na unakili kwa ofisi ya utumishi. Ukipewa kuongoza kamati, dai hadidu za rejea, yaani maandishi yanayotaja kazi ya kamati na mipaka yake, kabla ya kikao cha kwanza.

Weka daftari la kazi. Kila Ijumaa andika mambo mawili au matatu uliyoyakamilisha na matokeo yake kwa namba: fedha zilizookolewa, siku zilizopunguzwa, wateja waliohudumiwa. Watumishi wa umma watalihitaji wanapojaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wao uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS. Walio sekta binafsi watalihitaji siku ya tathmini ya mwaka na siku ya kuomba nyongeza ya mshahara. Ombi la nyongeza lianze na daftari hilo, litaje kiasi unachotaka, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Wengi hutaja kiasi na papo hapo huanza kukipunguza wenyewe kabla mwajiri hajasema lolote.

Mafunzo yapo kwa anayetaka, ikiwa ni pamoja na programu ya Mwanamke Kiongozi ya Chama cha Waajiri Tanzania (ATE), na ni busara kumwomba mwajiri alipie. Mavazi nayaacha, kila ofisi ina desturi yake na hujawahi kukosa wa kukushauri.

Likizo ya uzazi

Wengi hupoteza nafasi zao hapa bila mtu yeyote kuwanyang'anya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na humtaka mfanyakazi atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Akirudi, ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Haki hizi zijue kwa moyo ili usiziombe kama fadhila.

Kabla ya kuondoka, andaa hati ya makabidhiano inayotaja kazi ipi inakwenda kwa nani na ipi inakusubiri, isainiwe na wewe, anayepokea na msimamizi wenu. Bila hati hiyo, anayeshikilia kazi zako hatakuwa na nia mbaya; atazizoea tu, na wateja watamzoea. Wiki ya mwisho ya likizo omba kikao kifupi na msimamizi wako, uende na nakala ya hati, na mpange tarehe ya kila kazi kurudi mezani kwako. Saa za kunyonyesha zipange kwa maandishi pia, ili vikao visiwekwe juu yake.

Mtego wa rushwa ya ngono

Hakuna ujuzi wa uongozi unaotatua jambo hili, hivyo sitalifunika kwa ushauri wa kujiamini. Anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote ametenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa simu ya bure, namba 113. Unyanyasaji mahali pa kazi huhesabiwa na sheria ya ajira kuwa aina ya ubaguzi. Tunza kila ujumbe, andika tarehe, saa na mahali siku hiyohiyo, na mwambie mtu mmoja unayemwamini mapema ili awe shahidi wa wakati. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya kukataa, shauri lifikishe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya ajira ina siku 60. Muda huu hupita haraka kuliko hasira inavyopoa.

Anayekufuata

Ukishapata nafasi, kuna binti katika kitengo chako anayeandaa taarifa ambayo wewe huisoma kikaoni. Mwezi ujao mpeleke aisome mwenyewe. Mpe ajenda siku mbili kabla, msikilize mara moja mkiwa wawili, mfutie "samahani" zote kwa kalamu nyekundu, na kikaoni kaa kiti cha pembeni yake. Akikwama, hesabu kimyakimya mpaka tano kabla ya kumsaidia. Mara nyingi hufiki tatu.